Darasa la muziki Area D, Dodoma, kwa watoto wa sekondari

Mwanangu yuko fomu tatu na anasoma hapa kila Jumamosi, kiukweli nimeridhika sana. Wanafundisha vyombo, kuimba na muziki wa kompyuta, ila kilichonikuna mimi ni kwamba kinanda hakijafukuza ilimba (kile kisanduku chenye vipande vya chuma vya kupiga kwa vidole gumba) na zeze. Mwalimu wa ilimba ni mzee wa Kigogo, anamshika mtoto vidole gumba anamwelekeza taratiiibu mpaka sauti itoke safi, halafu anawaeleza kwamba skeli, yaani mpangilio wa noti, ya Kigogo haikai sawasawa na ya kinanda, kuna noti inakuwa chini kidogo na ndo utamu wenyewe huo. Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, alizunguka dunia na sauti hizohizo jamani, watoto wa Dodoma wasizijue kwa nini?

Kuimba wako vizuri, wanaanza na pumzi kwanza. Upande wa kompyuta ndo bado, wanarekodi kwa programu ya Audacity ambayo ni ya bure, sawa, ila hedifoni chache watoto wanagombania, waongeze aisee. Mwenye mtoto anayepiga meza kutwa nzima amlete tu, ila uliza ada mapema maana ilimba ya kufanyia mazoezi nyumbani unanunua mwenyewe.