Supu ya shayiri kule Zillertal, Austria: niliuliza, nikajibiwa haina nguruwe

Naandika nikiwa bado na hasira, na wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kulalamikia chakula. Nimekaa Munich miaka mingi, na kiangazi kikiingia tu huwa navuka mpaka kwenda kupanda milima ya Austria. Mandhari ninayapenda, ndiyo, lakini kinachonipandisha hasa ni chakula cha mchana kwenye vibanda vya huko juu. Nimevisifia vibanda hivyo mpaka watu wamechoka kunisikiliza. Leo nasema hivi: kama huli nguruwe, usikae kwenye meza za kule ukaamini neno la mhudumu.

Kwa ambaye hajafika, usifikirie vibanda vya Kilimanjaro. Pale Mandara na Horombo unapata pa kulala, lakini unga, mboga na sufuria vimepandishwa na wagumu, yaani wapagazi, na mpishi mmekuja naye. Kwenye Alps unabeba maji, koti la mvua na pesa taslimu, kwa sababu kadi vibanda vingi havipokei. Unatembea kwa muda wa saa tatu, unakuta nyumba ya mawe na mbao ina jiko linalowaka, meza ndefu nje, na mtu anakuja kukuuliza utakula nini. Vingi ni mali ya vyama vya wapanda milima vya Austria na Ujerumani, vilivyoanza tangu karne ya 19. Hapo hapo kwenye milima ya Zillertal ipo Berliner Hütte, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, iliyojengwa mwaka 1879, na ukumbi wake wa kulia ukiingia utadhani umeingia hoteli ya zamani ya mjini. Tangu 1997 inalindwa kama jengo la kihistoria. Yaliyonikuta hayakunikuta hapo, nisije nikamchafulia mtu jina bure. Kibanda chenyewe sikitaji.

Na chakula cha kule, nikiwa mkweli, ni kitamu. Kuna vidonge vya unga vilivyochanganywa na jibini, vinaletwa ndani ya kikaango kile kile kilichotoka motoni, vitunguu vya kukaanga juu, na jibini inavutika kila unapoinua uma. Kuna Kaiserschmarrn, chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa ikanyunyiziwa sukari ya unga, pembeni bakuli la plamu zilizopikwa zikalainika. Ukiwa umetoka kupanda mwinuko wa mawe matupu, miguu inatetemeka, chakula hicho kinakurudishia roho.

Sasa nije kwenye kisa.

Kiangazi kilichopita, nadhani ilikuwa mwezi wa nane, mdogo wangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga. Ni kijana wa dini, mpole, hapendi kumsumbua mtu. Nilitamani sana aone milima hii. Tulianza kupanda alfajiri, kwa sababu kule kiangazi mawingu hujikusanya mchana na radi hupiga jioni, kwa hiyo watu hula mapema wakateremka kabla mambo hayajaharibika. Tulifika kibandani karibu na adhuhuri, tumechoka, tuna njaa kweli. Kibanda cha pili kilikuwa mbali, na njia yake inapita juu zaidi. Yaani ni hapo au ukae na njaa.

Nikasoma menyu. Menyu za Austria kwa kawaida kila chakula kina herufi pembeni: A ni nafaka zenye gluteni, C mayai, G maziwa, L seleri, M haradali. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya tangu mwishoni mwa 2014, kuna vitu 14 ambavyo lazima mwenye mgahawa amjulishe mteja kwa ajili ya watu wenye mzio. Nguruwe hayumo kwenye hivyo 14, kwa sababu si suala la mzio. Kwa hiyo anayekwepa nguruwe hana herufi ya kutazama. Kinachobaki ni kuuliza kwa mdomo na kuamini jibu. Na Tirol, jimbo lenye hii Zillertal, kitimoto anaingia mahali ambapo hukumtegemea: kwenye madonge ya mkate, kwenye viazi vya kukaanga, kwenye kabichi, kwenye mchuzi. Mimi hilo nalijua, ndiyo maana huwa nauliza kila mara.

Nikauliza. Kwa Kijerumani fasaha, taratibu, nikimtazama usoni. "Supu ya shayiri ina nguruwe? Hata kidogo, hata mafuta yake? Sisi hatuli." Yule kijana wa kuhudumia alikuwa ameshikilia sahani chafu mkono mmoja, hata hakusimama vizuri. "Hamna, ni shayiri na mboga," akasema, akaondoka. Nikaagiza mbili.

Supu ikaja, inafuka moshi, ina karoti na majani ya kitunguu. Mdogo wangu akapiga bismillahi akaanza. Mimi nilikuwa nafungua begi kutafuta dawa ya kichwa. Nikasikia, "Dada, hii nini?"

Alikuwa ameshika kijiko, juu yake kipande kidogo cha mraba, cha rangi ya waridi, upande mmoja una mafuta meupe. Nikakijua kabla hata sijakinusa. Nyama ya nguruwe iliyofukizwa moshi, imekatwa ndogo ndogo kama njegere. Nikakoroga bakuli langu, ziko tele chini. Na yeye alikuwa ameshafika nusu ya bakuli.

Hakusema kitu. Aliweka kijiko chini, akasogeza bakuli mbali, akaniuliza kama kuna maji ya kusukutua mdomo. Bomba lilikuwepo ukutani, lina kibao kwamba maji yake si ya kunywa. Yale tuliyopanda nayo yalikuwa yameisha. Nikaenda dirishani kununua chupa ya maji, mikono inanitetemeka kwa hasira, ili mdogo wangu asukutue mdomo kwa kosa la mtu mwingine.

Nikamwita yule kijana, nikamwonyesha. Sikupaza sauti. Nikamwambia, nilikuuliza, ukaniambia hamna. Akachungulia bakuli, akasema: "Ah, ni vipande vidogo tu, vya kutia ladha. Vitoe pembeni."

Vitoe pembeni! Mtu umemwambia hatuli hata mafuta yake, supu nzima imechemka nayo, anakwambia vitoe pembeni. Nikamwomba amwite mwenye kibanda. Akasema mwenye kibanda ana kazi, akageukia meza nyingine. Watu wa meza ile walisikia kila neno na mmoja wao akainamisha macho kwenye bia yake. Bili ilipokuja, bakuli zote mbili zimo. Nikauliza mbona tunatozwa. "Mmeshakula," akajibu. Nikalipa, kwa sababu mdogo wangu alinishika mkono akasema, "Basi dada, twende." Tukateremka na njaa.

Najua aliyekula bila kujua hana dhambi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha hilo njiani, ili nitulie. Lakini yule ni mgeni wangu, nimemtoa Tanga, nimemkalisha mezani kwa dhamana yangu.

Siku mbili tatu baadaye nilipopoa nikaanza kuwatetea, kama kawaida yangu. Kazi ya kule juu ni ngumu. Vibanda vingi havina barabara, kila gunia la viazi na kila mtungi wa gesi hupanda kwa winchi ya mizigo inayopita juu ya waya, au kwa helikopta. Wahudumu ni wa msimu, wanaamka usiku kuwapikia wanaoelekea vileleni, adhuhuri wanavamiwa na watu kama sisi wote kwa mpigo. Kuchoka kupo. Nikasema labda nisiandike kitu.

Kisha, kabla mdogo wangu hajaondoka, tukaenda bonde jingine, kibanda kingine, na hapo ndipo hasira iliporudi upya. Nimeuliza swali lile lile. Mama mwenye kibanda, mtu mzima, aproni imejaa unga, hakunijibu palepale. Alisema, "Ngoja nikaangalie," akaingia jikoni. Alipotoka akaniambia mchuzi wa siku ile una mafuta ya nguruwe, supu tuiache, na vile vidonge vya jibini atatukaangia kwa siagi, kwenye kikaango kilichooshwa. Akaongeza bila kuulizwa kwamba zabibu za Kaiserschmarrn yake zimelowekwa kwenye rumu, kwa hiyo atatutengenezea bila zabibu. Mimi hilo la rumu sikuwahi hata kulifikiria! Mdogo wangu alikula akamaliza, akakwangua mpaka ule ukoko wa jibini ulioshika chini ya kikaango, akamshukuru kwa Kiswahili kwa mikono miwili, na yule mama akaelewa.

Hatua kumi kwenda jikoni, hatua kumi kurudi. Na alikuwa na wateja wengi kuliko wale wa kwanza. Kwa hiyo uchovu si sababu, wingi wa watu si sababu, na umbali wa mlima si sababu. Yule kijana hakujua jibu akaamua kubuni, basi. Kwa mtu mwenye mzio wa karanga, jibu la kubuni namna ile lingeweza kumpeleka hospitali, na helikopta ya kumchukua ndiyo hiyo isubiriwe kati ya mawingu.

Labda mwanzo nimesikika kama nasema msiende. Hapana, nendeni, ila ulizeni, na akijibu haraka mno mwambieni akaangalie jikoni kwanza. Nilifikiria pia kutoa nyota tatu kwa sababu ya yule mama. Lakini yule mama nimempa tano zake kwenye kibanda chake, anazistahili zote. Hiki cha supu nakipa moja. Na wakitaka kunirudishia pesa ya bakuli mbili, sizitaki. Nataka yule kijana, siku mteja mwingine akimuuliza, aende jikoni.