Betri za taa ya kichwani: za kuchaji au za kutupa?
Kwa anayewasha taa kila wiki, sioni mjadala: betri za kuchaji za AA hurudiwa mamia ya mara. Zina volti 1.2 dhidi ya 1.5 za alkalini (zile za kutupa za kawaida), lakini mwanga wake haushuki sana hadi zinapokaribia kuisha. Alkalini hufifia polepole tangu mwanzo, tena zikisahaulika ndani ya taa huvuja na kuozesha vyuma vyake.

Safari ndefu mbali na umeme ni habari nyingine. Hapo ningebeba za kutupa za lithiamu: nyepesi, hukaa hata miaka 10 bila kutumika, na hustahimili baridi kali. Ghali, ndiyo. Soma kwanza maelekezo ya taa yako, maana baadhi haziruhusu lithiamu.