Taa ya LED ya sentimita 60 yenye taima kwenye waya: taa ni nzuri, taima ni ya kupuuza

Taa inayopimwa hapa ni ile bapa ya alumini, urefu wa sentimita 60, inayokaa juu ya tangi la samaki kwa miguu miwili ya kuvutwa. Ina vibalbu vyeupe, vya buluu na vichache vyekundu. Katikati ya waya kuna kidude chenye vitufe: cha kuwasha, cha mwanga wa buluu, cha kupunguza mwanga, na cha taima yenye chaguo la masaa 6, 10 au 12. Huuzwa kwa majina mengi, mara nyingine bila jina lolote. Kama taa, ni ununuzi mzuri kwa tangi la lita 60. Kama saa, haifai mahali ambapo stima hupotea bila kupiga hodi, na lile chaguo la masaa 12 lingefaa kuzibwa kwa gundi.

Kabla ya kulipa, geuza adapta usome maandishi madogo. Sanduku likidai wati 18, adapta ya volti 12 lazima iwe na angalau ampia 1.5. Ikiwa imeandikwa ampia 1, taa hiyo haitavuka wati 12, sanduku liseme litakavyo. Wati 18 za kweli hutoa takriban lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,400 hadi 1,800. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 ni karibu lita 65 ukipima kioo, ila ukiondoa changarawe, mawe na nafasi ya juu unabaki na kama lita 55 za maji. Hapo una lumeni 25 hadi 33 kwa kila lita, mwanga wa kiasi cha kati. Valisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, itatambaa na kujaza nyuma ya tangi. Kama una mimea isiyotaka mwanga mwingi pekee, yaani anubia na kangaga la Java (Java fern), nusu ya mwanga huo inatosha: punguza kwa kitufe, au inua taa sentimita 10 zaidi.

Jaribio la pili lifanyie dukani. Washa taa, ing'oe kwenye soketi, ichomeke tena. Ikiwaka yenyewe, nunua. Ikibaki imezima ikisubiri kidole chako, hakuna taima ya soketi itakayoiendesha, na hiyo ni sababu tosha ya kuirudisha kwenye rafu.

Tuje kwenye muda. Tangi jipya la mimea lianze na masaa 6 kwa siku, kwa wiki tatu au nne. Mizizi bado haijashika, mimea haili sana, na mwanga wa ziada unaliwa na mwani, ule utando wa kijani unaoota kwenye kioo. Baada ya hapo ongeza nusu saa kila wiki huku ukikagua kioo, na usimame kwenye masaa 8. Tangi lisilopewa kaboni dioksaidi ya mtungi halina sababu ya kuvuka hapo. Gesi hiyo huwa kidogo majini. Mimea huanza kuitumia mara taa inapowaka, na ikishapungua, kasi ya mimea hushuka hata kama taa inaendelea kumulika. Mwani huridhika na makombo. Ndiyo maana masaa 12 hukuletea kioo cha kijani badala ya mimea minene. Mimea ya majini kama limnofila na kabomba itakuonyesha yenyewe: ikishiba mwanga hufumba majani ya nchani. Ikifumba saa mbili usiku na taa ikaendelea hadi saa nne, hayo masaa mawili unamlisha mgeni asiyealikwa.

Kuna wanaobisha kwamba Kisumu iko karibu kabisa na ikweta na jua la ziwani huwaka masaa 12 mwaka mzima. Ni kweli, lakini jua la asubuhi na la jioni huja kwa mshazari na sehemu kubwa yake huakisiwa na uso wa maji. LED haina asubuhi wala jioni. Inapiga kwa nguvu zote kutoka dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Faida halisi ya ikweta ni nyingine: mchana haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kukusumbua, hivyo ukishapata muda unaofaa huna haja ya kuubadilisha kila msimu. Na masaa mengi hayawezi kuziba pengo la taa hafifu. Mmea unaorefuka ukikonda, majani yakiachana kwenye shina, unataka mwanga mkali zaidi, si mrefu zaidi.

Kwa tangi la samaki bila mimea, masaa 6 hadi 8 yanatosha, na hayo ni kwa ajili ya macho yako. Samaki anachohitaji ni usiku wa kweli. Hana kope za kufumba. Kile kitufe cha mwanga wa buluu, kinachouzwa kama mbalamwezi, kiache. Kukiacha kikiwaka usiku kucha ni kuwanyima samaki giza, na kukitumia jioni kutazama fulu ni kujinyima rangi. Utafiti kuhusu samaki hawa wa Ziwa Victoria, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 1997, ulionyesha kwamba mwanga ukikosa mawimbi fulani, hata jike hushindwa kumtambua dume wa jamii yake kwa rangi. Tumia nyeupe, kisha zima.

Taima ya kwenye waya haijui ni saa ngapi. Inajua tu uliibonyeza lini. Ibonyeze saa kumi jioni kwa masaa 6, itazima saa nne usiku na kuwaka kesho yake saa kumi. Sasa stima ipotee saa nane mchana na kurudi saa moja jioni. Baadhi ya vidude hivi husahau kila kitu na kubaki vimezima. Vingine huanza hesabu upya hapohapo, vikamulika hadi saa saba usiku, na ratiba hiyo mpya ndiyo inayoendelea. Mtu huona mwani wiki mbili baadaye na kuanza kulaumu chakula.

Dawa ni taima ya soketi, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya taa. Ya kuzungusha ina duara lenye pini 96, kila moja dakika 15. Masaa 6 ni pini 24, masaa 8 ni pini 32. Namba zake huenda 0 hadi 23: 16 ni saa kumi jioni, 22 ni saa nne usiku. Muda huo wa jioni unafaa nyumba nyingi kwa sababu watu wako nyumbani kutazama. Pembeni kuna swichi ndogo. Ikiachwa upande wa kuwaka daima, pini hazifanyi kazi. Soma pia kama imeandikwa 50Hz. Ile ya 60Hz ikitumika kwenye stima ya Kenya huchelewa masaa manne kwa siku, na taa itazunguka mchana na usiku kama mlinzi. Ya kuzungusha nayo husimama stima ikikatika, ikachelewa kwa muda uleule wa giza. Irekebishe kwa kuzungusha duara kufuata mshale tu. Ya kidijitali yenye betri ndani haina shida hiyo, na kama mtaa wako hukaa gizani mara kwa mara, lipia hiyo.

Taa peke yake ndiyo ipite kwenye taima. Usichomeke ekstensheni nzima hapo halafu ukaweka filta juu yake: filta ikizimwa usiku kucha, bakteria wanaosafisha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, hukosa oksijeni na kuanza kufa, na samaki wanaweza kufuata. Acha waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili maji yanayotiririka yadondoke sakafuni.

Mwani ukija, usikimbilie dawa. Vumbi la kahawia kwenye tangi changa ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana. Lipanguse, litaisha lenyewe. Madoa magumu ya kijani kwenye kioo mara nyingi yanamaanisha mwanga mkali au mrefu mno. Punguza saa moja, subiri wiki mbili. Maji yakigeuka kijani kama supu, zima taa siku tatu mfululizo, funika tangi lote kwa blanketi, usilishe, weka pampu ya hewa, kisha badilisha nusu ya maji kwa yaliyoondolewa klorini. Hakikisha pia jua la dirishani haligongi kioo. Pazia ni rahisi kuliko kupanga upya sebule.

Gharama ya stima si ya kukuogopesha: wati 18 kwa masaa 8 ni uniti 4.3 kwa mwezi, na kwa masaa 12 ni 6.5. Kwa wa Nakuru, ambako usiku huwa baridi, LED hii haipashi maji joto. Hita ni ununuzi mwingine.

Kasoro ya mwisho ni ngozi ya plastiki inayofunika vibalbu. Haizuii mvuke vizuri, na unyevu ukiingia vibalbu hufa kwa mstari, sehemu nzima kwa mara moja. Weka kifuniko cha kioo kati ya taa na maji, na ukipanguse kila wiki kwa kitambaa chenye siki, kwa sababu utando mweupe wa chokaa hupunguza mwanga kidogokidogo bila wewe kutambua.