Katambuga, Peponi na gitaa la Mbaraka: vitu vilivyonikaa siku hizi

Nianze na viatu maana ndo vilivyonifanya nishike simu niandike. Miezi kama mitatu nyuma nlinunua raba za mtumba, nyeupe, kwa macho hazina neno, muuzaji kaniapia gredi wani kabisa, nikatoa 35,000 bila hata kubishana sana. Wiki mbili tu. Siku moja ya mvua natoka kazini soli ya kushoto ikaachia yote kuanzia kidoleni mpaka karibu na kisigino, nikitembea inapiga pa, pa, pa kama kuna mtu ananipigia makofi nyuma, napanda daladala konda ananitazama miguuni anasema braza hiyo samaki inaomba maji. Gari zima likacheka na mi nkacheka, ningefanyaje.

Sasa hapo kituoni kwetu Mbagala kuna Mmasai anakaa chini ya mwarobaini anatengeneza katambuga, yaani vile viatu vya tairi kuukuu, kila siku nampita kama sioni, ila jioni ile nimeshika raba mkononi nkasimama. Yero vipi, bei gani hizi? Akasema 15,000, nkamwambia 10,000, tukaangukia 12,000. Nlidhani atanipa zile zilizoning'inia kumbe hapana, akachukua boksi la sabuni akalitandaza chini akaniambia kanyaga hapa rafiki, akanichora mguu kwa kalamu, wa kushoto na wa kulia kila mmoja kivyake, maana mguu wangu wa kulia ni mkubwa kidogo na hilo mi mwenyewe sijawahi kulijua kwa miaka yote hii. Ndo akakata. Kisu anakichovya kwenye kopo la maji, anakata kidogo, anachovya tena, mpira unaachia taratibu kama anamenya muhogo. Mikanda anaichomeka kwenye vitobo pembeni anaikaza na misumari midogo, anapinda ncha ya msumari kwa nyundo ili isikuchome. Saa moja na robo hivi nkaondoka navyo.

Nisiwadanganye, wiki ya kwanza nilijuta. Mkanda wa mbele ulinikata kidole kidogo nikatoka lengelenge, nyayo zikawa nyeusi kama nimekanyaga mkaa, na ofisini kila nikipita korido watu wanainua vichwa. Bosi hakusema kitu, ila aliangalia chini, akaniangalia usoni, akaangalia chini tena. Halafu kuna siku msumari mmoja ukachomoza, nkarudi kwa fundi, akaugonga mara mbili akanirudishia, bure, hajainua hata kichwa. Kuanzia wiki ya tatu mpira ukalegea ukashika umbo la mguu wangu na sasa hivi sitaki kusikia kiatu kingine. Napita kwenye tope, kwenye mchanga, kwenye kokoto za ile barabara yetu isiyoisha kuchongwa, nikifika nyumbani namwagia maji nimemaliza. Kasoro yake moja kubwa ni mvua, mguu ukilowa unateleza kwa ndani, ukikimbilia gari unaweza kuachwa na kiatu. Na ukiziacha juani usivae ghafla, utaruka.

Kitu kingine ambacho watu wengi tunachanganya, si kila katambuga ni tairi la gari. Hizi zangu ni za tairi la pikipiki, fundi ndo aliniambia, la gari ni pana na zito, halikunjiki, mtu wa mjini litamchosha. Tairi la pikipiki lina ule mviringo wake kwa hiyo kiatu kinajipinda kidogo mbele na nyuma kama mtumbwi. Na alama! Ukipita kwenye vumbi unaacha kashata za tairi, mwanangu siku hizi anazifuata mpaka mlangoni akicheka eti baba ni bodaboda.

Haya, tuhamie kwenye kitabu, maana foleni ya kwenda mjini ni saa moja na nusu ikiwa na huruma, na simu ikiisha chaji unabaki kusoma matangazo ya waganga kwenye vioo. Nimemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Gurnah alivyopata Nobel mwaka 2021 mi nlikuwa mstari wa mbele kujivunia, mtoto wa Zanzibar, sijui nini, nikapost na picha yake, wakati sijasoma hata ukurasa mmoja wa kwake. Kwa Kiingereza kilitoka 1994 ila mi nimesoma tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na naomba niseme tu, hiki kitabu kilikuwa kinasubiri Kiswahili. Kuna mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka 12, nyumbani kwao anakuja mgeni tajiri anamwita ami, siku moja anaondoka naye kwa treni akidhani anaenda kutembea. Kumbe baba yake anadaiwa na yeye ndo kawekwa rehani. Huko dukani anamkuta kijana mwingine, Khalil, yuko kwenye hali hiyohiyo, na Khalil ndo anamfungua macho kwamba yule si ami yako, mwite seyyid. Nlikuwa nimesimama, nimeshika bomba kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine, nikasoma hapo mara mbili. Hakuna mtu kapigwa wala kufungwa kamba, ni neno moja tu la heshima limebadilishwa na mtoto mzima ameshauzwa.

Katikati kuna safari ya msafara kwenda bara, wapagazi, magonjwa, hongo kwa kila chifu, hapo kitabu kinakwenda polepole na majina ni mengi, nakiri nlikuwa narudi nyuma kuangalia huyu ni nani tena. Usikate tamaa hapo. Mwisho sitausema, Wajerumani wanakuja na askari wao basi, ila nilikasirika siku mbili nzima, mke wangu ananiuliza una nini namwambia Yusuf, anasema Yusuf gani wa kazini kwenu?

Muziki naweka sikio moja tu, lingine nasikiliza konda asinipitishe kituo. Nimerudi kwa Mbaraka Mwinshehe, sijui nimerudije, nadhani mtandao ndo uliniletea wenyewe baada ya nyimbo za siku hizi kuisha. Nyumbani tulikua na huyu mtu, mzee wangu Jumapili akipiga pasi lazima redio iwe Morogoro Jazz, bendi ya huyo Mbaraka, na sisi watoto tulikuwa tunaona ni muziki wa kuchelewesha chakula. Sasa nina miaka thelathini na kitu ndo nasikia lile gitaa linafanya nini. Anaanza taratibu, anasimulia shida zake kama jirani aliyekuja kuomba chumvi, halafu maneno yanaisha na gitaa linachukua usukani na hapo ndo unaelewa kwamba yale maneno yalikuwa yanafungua mlango tu. Kama na wewe unashangaa kwa nini nyimbo nyingi za zamani zinafifia katikati halafu zinaanza tena, ni kwamba zilitoka kwenye santuri ndogo, upande mmoja hautoshi wimbo mzima, ilibidi ugeuze. Mi sasa nikifika hapo kwenye kufifia namkumbuka mzee anaweka pasi chini.

Huyu mtu alikwenda na bendi yake mpaka Osaka Japani kwenye Expo 70, akafariki Januari 1979 kwa ajali ya gari kule Mombasa, hajafika hata miaka 35. Mi nimeshampita umri. Hiyo ilinikaa kifuani siku nilipopiga hesabu, nikazima simu nikatazama dirishani mpaka Mtoni.

Filamu nitasema kidogo tu maana nimeangalia moja. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile ya 2021 iliyofika mpaka tamasha la Toronto, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ambayo mi nilisoma form five kwa ajili ya fani na maudhui, dhamira, nafasi ya mwanamke katika jamii, toa hoja sita, yaani waliniulia kitabu kabla hakijanivutia. Nilivyoona Yasmini anatembea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe usiku ndo nikajua kumbe kile kilikuwa kisa cha mapenzi! Zanzibar ya miaka ya 50, mkoloni bado yupo, mtoto wa Kihindi kamkimbia mume mzee, na kuna kijana wa siasa anaitwa Denge. Picha ni nzuri mno, rangi za kuta, taa, taarabu ndani yake. Lakini inakwenda mwendo wa jahazi lisilo na upepo na vituko vingi vya kitabuni havimo. Mke wangu alilala dakika ya ishirini. Mi sikulala, ila nisingekuwa nimesoma riwaya kuna sehemu ningepotea. Kwa hiyo kama unataka moja kati ya hizo mbili, chukua riwaya, na usiisome kama mtihani.

Mke wangu huyohuyo aliyekuwa ananicheka na viatu vya Kimasai, juzi nimemkuta uani kavaa zangu anaanikia nguo, zinampwaya anaziburuza. Hakusema kitu na mi sikuuliza. Jana asubuhi nimempelekea yero boksi la sabuni lenye mguu wake, nilimchora kwa siri akiwa kalala, kidole gumba kimetoka kikubwa kidogo kwa sababu alijigeuza, yero kaangalia kacheka kasema huyu mama au tembo. Jumamosi nazifuata, kaniambia niende na 12,000 hiyohiyo.