Raspberry Pi 4 kwa kunoa cheksamu kwa C: uzoefu wangu hapa Kigoma

Raspberry Pi 4 ni kompyuta ndogo ya bodi moja. Ninayotumia ni ya GB 2, prosesa Cortex-A72, na Raspberry Pi OS ya biti 64. Kwa kazi ya kunoa (yaani kuharakisha) kodi ya cheksamu za IP na UDP, zile namba za kukagua kama pakiti ya mtandao imeharibika njiani, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki imeliwa na joto.

Hapa Kigoma joto ndilo linalovuruga vipimo. Chipu ikifika nyuzi 80 inajipunguzia kasi, na programu ileile inaonekana nzito ilhali hujagusa mstari hata mmoja. Weka feni, na utumie adapta ya volti 5.1, ampea 3. Chaja ya simu ya kubahatisha inashusha volti na balaa ni lilelile. Ukishapima, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu lisipokuwa 0x0, tupa kipimo, washa bodi upya. Tena pima mizunguko ya prosesa kwa `perf stat -e cycles`. Sekunde zinadanganya kasi inapopanda na kushuka.

Kodi yenyewe ni fupi (`p` inaelekeza kwenye data, `n` ni baiti zilizobaki):

```c
uint64_t s = 0;
while (n >= 4) {
    uint32_t w;
    memcpy(&w, p, 4);
    s += w; p += 4; n -= 4;
}
if (n >= 2) {
    uint16_t h;
    memcpy(&h, p, 2);
    s += h; p += 2; n -= 2;
}
if (n) s += *p;
while (s >> 16)
    s = (s & 0xffff) + (s >> 16);
return (uint16_t)~s;
```

Kwa kuwa `s` ina biti 64, haifuriki kwa pakiti yoyote ya IP, hivyo ziada inakunjwa mwishoni tu. `memcpy` isikutishe: ukiwasha uboreshaji wa `-O2` kompaila inaigeuza kuwa `ldr` moja, yaani agizo moja la kusoma kumbukumbu. Inasaidia pia kwa sababu kichwa cha Ethernet ni baiti 14, na cha IP kinachofuata huweza kuangukia anwani isiyogawanyika kwa 4. A72 inavumilia hilo. Prosesa za MIPS za rauta za zamani, ukilazimisha pointa, zinagoma.

NEON (maagizo ya prosesa ya kuchakata namba kadhaa kwa mpigo) ya kuandika kwa mkono sioni faida yake kwenye vichwa vya baiti 20. Kwa pakiti za baiti 1500 jaribu kwanza `-O3`, kisha tazama maagizo ya mashine kwa `objdump -d`. Ukiona rejista za v0, v1 ndani ya kitanzi, kompaila imeshakufanyia.

Jaribu na kichwa hiki, sehemu ya cheksamu ikiwa sifuri:

`45 00 00 73 00 00 40 00 40 11 00 00 c0 a8 00 01 c0 a8 00 c7`

Jibu sahihi ni b861, lakini `printf` itakuonyesha 61b8 kwa kuwa bodi hii huhifadhi baiti ndogo kwanza, na hapo ndipo wengi hukimbilia `htons`, ile ya kugeuza mpangilio wa baiti. Usiiguse! Iandike kwenye pakiti kama ilivyo, baiti zitakaa b8 kisha 61. Jaribu pia urefu wa witiri, maana baiti ya mwisho ndiyo inayosahauliwa.

Ukiona tcpdump (programu ya kuchungulia pakiti) inalalamikia cheksamu za pakiti unazotuma kwa soketi za kawaida, usifukue kodi yako: kadi ya mtandao ya bodi hii huzijaza yenyewe baadaye. Zima kwanza ujazaji huo kwa `sudo ethtool -K eth0 tx off rx off`, ndipo uangalie tena.