Uzoefu wangu na seti ya maumbo matupu ya kujifunzia ujazo

Kwa majuma sita mimi na binti yangu tumetumia seti ya maumbo matupu ya plastiki angavu, niliyoinunua kwa sababu alikuwa amekariri kanuni zote za ujazo, lakini akipewa umbo lililoungana, kama mcheduara (umbo la kopo) uliofunikwa kwa nusu tufe, hajui aanzie wapi. Mara nyingi aliiweka nusu tufe kwenye hesabu kana kwamba ni tufe zima.

Thamani ya seti hii imo katika kumimina maji. Mcheduara mfupi, nusu tufe na umbo la pia (koni) vina nusu kipenyo kimoja, na kimo cha kila kimoja ni sawa na nusu kipenyo hicho. Alijaza maji kwenye umbo la pia akayamimina ndani ya nusu tufe, akarudia mara ya pili, na maji yakafika ukingoni bila kumwagika. Mcheduara ukahitaji maji ya pia tatu. Uwiano wa 1:2:3 aliuona kwa macho yake, na tangu siku hiyo hajaisahau theluthi katika kanuni ya pia.

Kasoro kubwa imo kwenye kijitabu, na sitaificha. Kinaelekeza mwanafunzi apime kipenyo kwa nje, ilhali kuta zina unene wa milimita 2. Tulipounganisha mcheduara mrefu, wenye kina cha sentimita 10, na nusu tufe, kijitabu kilitumia nusu kipenyo cha sentimita 5 kikapata sentimita za ujazo 1,047, lakini maji tuliyopima yalikuwa kama mililita 955. Binti alidhani amekosea, akarudia hesabu mara tatu, jambo lililonisikitisha sana. Tulipotumia nusu kipenyo cha ndani, sentimita 4.8, hesabu na maji vilikubaliana. Mtengenezaji anapaswa kurekebisha ukurasa huo.

Aidha, hakuna umbo lolote lenye tundu, ingawa maswali ya kutoa ujazo ndiyo yanayowasumbua wengi. Tulijaza mche mstatili (umbo la sanduku) maji hadi ukingoni, tukazamisha ndani yake mcheduara mdogo uliofungwa na kutiwa mchanga ili usielee, kisha tukapima maji yaliyomwagika. Binti alitazama kiasi kilichobaki ndani ya mche, akaandika alama ya kutoa kabla sijamwambia neno.