Kituo cha ATF cha kufuatilia bunduki: kinachofanya vizuri na kinapokwama

Kituo hiki cha ATF, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, kiko Martinsburg, West Virginia, na kina kazi moja: polisi wakikamata bunduki iliyotumika katika uhalifu, kiwatafutie mtu wa kwanza kuinunua dukani. Daftari la taifa la wamiliki wa bunduki za kawaida halipo. Sheria ya 1986 iliikataza serikali kuu kuliunda. Hivyo upekuzi huanza na bunduki, hauanzi na jina la mtu, na huo ndio ubora wake mkubwa.

Mpelelezi hujaza ombi kwenye mfumo wa eTrace: mtengenezaji, modeli, kaliba, namba ya silaha, na mwagizaji ikiwa imetoka nje. Kituo huuliza kiwanda, kisha msambazaji, kisha duka. Mwenye duka ana saa 24 za kujibu kutoka kwenye fomu 4473 iliyojazwa na mnunuzi. Duka likifa, makaratasi yake huhamishiwa Martinsburg na kuhifadhiwa kama picha zisizoweza kusakwa kwa jina. Mtumishi huzifunua ukurasa baada ya ukurasa. Ni kazi ya taratibu, lakini inamlinda asiyehusika.

Maombi mengi huharibikia kwenye kunakili: O badala ya sifuri, namba ya hataza kudhaniwa ndiyo ya silaha, mwagizaji kusahaulika. Futa mafuta na uchafu, piga picha alama zote, ndipo uandike herufi moja moja.

Udhaifu wake halisi ni kwamba njia huishia kwa mnunuzi wa kwanza. Akimuuzia jirani, katika majimbo mengi hakuna karatasi inayobaki. Wanaodai daftari kamili wana hoja nzito hapo. Lakini Juni 2022, tovuti ya takwimu ya Idara ya Sheria ya California ilianika majina, tarehe za kuzaliwa na anwani za watu wapatao 192,000 walioomba kibali cha kubeba silaha. Uchunguzi huru haukukuta hila, ulikuta mafunzo duni na usimamizi legevu. Kwa mwizi wa bunduki, anwani hizo ni ramani.

ATF nayo ichungwe. Mwaka 2016 wakaguzi wa GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, walikuta mifumo miwili ya ATF kati ya minne waliyoichunguza haikuzingatia nyakati zote masharti ya kutunza data za wanunuzi wa bunduki. Ukaguzi huo uwe wa kila mwaka, na fedha za nyongeza ziajiri wapekuzi wa makaratasi, zisinunue programu ya kusaka majina.